Kuchagua chuo cha filamu ukiwa Kigoma: mwongozo kwa anayeanza

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu, meza yangu ya kuhariri video hapa Mwanga, mjini Kigoma, haikosi wageni. Anakuja kijana na mama yake, au wanakuja watatu na mmoja wao ndiye msemaji. Swali ni lile lile: "Dada, chuo gani kizuri cha filamu?" Nami humuuliza: wewe kwenye filamu unataka kufanya nini? Wengi hunyamaza. Wengine husema "kila kitu". Nimelijibu swali hili mara nyingi kwa haraka, huku harusi ya mtu ikinisubiri kwenye kompyuta, na jibu la haraka halimtoshi mtu anayetaka kuuza shamba apeleke mtoto chuo. Kwa hiyo nimeliandika lote hapa.

Jambo moja nalitanguliza kwa sababu mimi nililijua nikiwa nimeshachelewa. Filamu hujifunzwa kwa mikono. Chuo kizuri ni kile ambacho mwanafunzi anashika kamera, maiki na kompyuta mara kwa mara, anakosea, anasahihishwa na mtu anayeijua kazi, kisha anarudia. Jengo, sare na picha za mtandaoni ziangalie baadaye.

Uwe na vitu hivi kabla hujaanza

- Cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, namba yako ya mtihani wa NECTA, na namba ya NIDA kama umefikisha miaka 18.
- Simu yenye kamera. Ya kawaida inatosha.
- Daftari moja la kazi hii tu.
- Ndugu au rafiki mmoja anayeishi karibu na mji wa chuo unachokifikiria, atakayekubali kwenda kukuangalizia.
- Kiasi ambacho familia inaweza kutoa kwa mwaka, kimetajwa kwa tarakimu. "Tutajitahidi" si kiasi.
- Miezi mitatu au minne ya kulifanya hili bila pupa.

Hatua ya 1: Chagua kazi kwanza, chuo baadaye

Filamu moja ina mikono mingi: mwandishi wa skripti, mwongozaji, mtayarishaji anayetafuta fedha na kupanga ratiba, mpiga picha, mtu wa taa, mtu wa sauti, mtu wa maleba (mavazi ya waigizaji), wa vipodozi, mhariri, waigizaji. Anayetaka kuigiza akienda chuo cha uandishi wa habari atatoka mtangazaji. Anayetaka kuhariri akiingia mahali penye nguvu kwenye ngoma na maigizo, atatumia muda mwingi jukwaani. Ni elimu nzuri, ila siyo aliyoifuata.

Chukua filamu unayoipenda, na majina yakianza kupanda mwishoni usizime. Andika kila kazi unayoiona. Usiyoielewa, iulizie. Kisha weka alama kwenye mbili unazoweza kuzifanya hata siku ambayo hakuna anayekupigia makofi.

*Kosa la wengi:* kuandika "mwongozaji" kwa sababu ndiye anayetoa amri. Kwa ninavyoona mimi, wanaopata vibarua mapema ni watu wa sauti na wahariri. Filamu zetu nyingi zinasifiwa picha na kulaumiwa sauti. Nafasi iko hapo.

Hatua ya 2: Piga filamu ya dakika tatu hapa hapa nyumbani

Usiiruke hatua hii. Ndiyo inayotenganisha mtu anayependa filamu na mtu anayependa kutazama filamu, na haikugharimu ada.

Tafuta mtu mmoja anayefanya kazi moja yenye mwanzo na mwisho: mama anayekamua mawese, fundi anayeziba mtumbwi, wavuvi wa dagaa wanaporudi Kibirizi alfajiri. Ukichagua wavuvi, usiende siku za mwezi mpevu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi mingi hupumzika, na wewe utakuta ufukwe mtupu.

Masharti ni machache:

- Simu ilale ubavu.
- Vipande visizidi 15, kila kimoja angalau sekunde 10, mkono umetulia. Egemeza simu kwenye jiwe, ndoo au ukuta.
- Piga kwa karibu pia: mikono, uso, wavu, moshi. Anayeanza hupiga kila kitu kutoka mbali.
- Upepo wa ziwa hula sauti. Anapozungumza mtu, tumia simu ya pili ikiwa karibu na kifua chake, umeifunika kwa kitambaa.
- Jua la saa sita linaharibu nyuso. Kwetu jua huchelewa kama dakika 40 nyuma ya Dar es Salaam, kwa hiyo mwanga mzuri ni kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, halafu tena saa kumi na moja jioni mpaka linapozama nyuma ya milima ya Kongo.

Kuhariri, CapCut ya kwenye simu inatosha kwa kuanzia. Ukipata kompyuta yenye nguvu, DaVinci Resolve ina toleo la bure ambalo hata wenye kazi kubwa wanalitumia.

*Onyo:* usipige bandarini wala stesheni ya reli bila ruhusa. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na Hifadhi ya Gombe nazo zina vibali vyake. Na mwenye sura yake aulizwe kabla hujawasha kamera, hata kama ni shangazi yako. Kazi ya kuonyeshwa hadharani iko chini ya Bodi ya Filamu Tanzania, nayo ina utaratibu wake wa vibali. Zoea mapema kuuliza.

Ukimaliza, jiulize ni wapi ulisahau njaa. Kama ni wakati wa kuwahoji watu na kupanga maswali, una mkono wa mtayarishaji au mwandishi. Kama ni saa saba usiku ukipanga vipande, wewe ni mhariri. Kama hukusahau njaa popote, piga ya pili kabla hujamwambia baba auze kitu.

Hatua ya 3: Linganisha matokeo yako na ngazi za masomo

Kwa ngazi ya astashahada, vyuo vingi huhitaji ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, ya dini hayahesabiwi. Ukipanda unafika stashahada, ambayo katika mfumo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, ni ngazi ya 6. Ukiwa na kidato cha sita, shahada huomba angalau masomo mawili ya ufaulu mkuu yenye jumla ya pointi 4. Mwenye stashahada anaweza kuingia shahada akiwa na wastani wa GPA 3.0, na atahitaji namba ya uhakiki wa tuzo inayoitwa AVN. Haya ni ya chini kabisa. Chuo kinaweza kuongeza yake.

Kwa upande wa serikali, pa kuanzia ni TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Nguvu yake ya asili ni jukwaa: maigizo, ngoma, muziki. Utayarishaji wa filamu na televisheni nao umeingia. Mwigizaji na mwongozaji wananufaika sana na mahali pa namna hiyo. Shahada ziko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Idara ya Sanaa Bunifu, na Chuo Kikuu cha Dodoma kwenye sanaa za maonyesho na filamu. Chuo kikuu kitakupa historia, nadharia na uandishi zaidi ya mafunzo ya ufundi, kwa hiyo usiende huko ukitegemea kamera kila asubuhi.

Vyuo binafsi ni vingi, hasa Dar es Salaam na Arusha, na ubora wake unatofautiana mno. Hatua tatu zinazofuata zimeandikwa kwa ajili yake. Nje ya nchi, Nairobi kuna Kenya Institute of Mass Communication, chuo cha umma chenye mafunzo ya filamu ya siku nyingi.

Yapo pia mafunzo mafupi ambayo watu wa huku hawayajui. Maisha Film Lab, iliyoanzishwa na mwongozaji Mira Nair mwaka 2004 na yenye makao Kampala, imefundisha vijana wa Afrika Mashariki kwa kuwachagua kwa kazi zao. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, lililoanza 1998, huwa na warsha pembeni ya maonyesho. Wiki mbili za namna hiyo zinaweza kukupa zaidi ya muhula mzima wa chuo kibovu. Ila mlango wake ni ile filamu ya dakika tatu.

Hatua ya 4: Hakiki usajili

Vyuo vya kati angalia kwenye tovuti ya NACTVET, ambayo wengi bado wanaiita NACTE. Vyuo vikuu angalia kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, cha mwaka huo. Tazama mambo mawili: chuo kimesajiliwa, na *kozi yenyewe ya filamu* imeidhinishwa. Hapo ndipo watu wanaponaswa. Chuo kinaweza kuwa halali kwa kozi ya uhazili au uandishi wa habari, kisha kikafungua kozi ya filamu pembeni kwa cheti chake chenyewe.

Cheti cha namna hiyo si lazima kiwe kibaya, kama mafunzo ni mazuri na mafupi. Lakini hakitakupandisha stashahada wala shahada. Jua unachonunua.

Hatua ya 5: Tazama filamu za wanafunzi wao

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na hakuna anayekitumia. Omba chuo kikuonyeshe filamu tano zilizotengenezwa na wanafunzi wa miaka miwili iliyopita. Siyo tangazo la chuo, siyo video ya mahafali. Filamu za wanafunzi. Chuo kinachofundisha huwa nazo na hufurahi kuzionyesha. Kisichofundisha kitakuambia "zipo ofisini" au "mwalimu mhusika amesafiri".

Ukizipata, zitazame mara mbili. Mara ya kwanza fumba macho usikilize: maneno yanasikika? Sauti inaruka kila picha inapobadilika? Mara ya pili ziba masikio utazame: nyuso zinaonekana? Unaielewa hadithi bila kusikia? Kisha soma majina mwishoni. Ukikuta jina la mwalimu ndilo mpiga picha, mwalimu ndiye mhariri, na wanafunzi wameandikwa "wasaidizi" tu, umeshapata jibu.

Usitafute ukamilifu. Filamu ya mwanafunzi inaweza kuwa na kasoro na bado ikaonyesha kwamba alijaribu kitu chake mwenyewe. Ninachokiogopa ni filamu tano zinazofanana kama zimetoka tanuri moja: mlango unafunguka, mtu analia, muziki wa huzuni, mwisho.

Mtafute na mhitimu mmoja au wawili, majina yao yako kwenye hizo filamu. Muulize amefanya nini miezi sita baada ya kumaliza. Wahitimu husema kweli kuliko ofisi ya udahili.

Hatua ya 6: Piga simu, na andika majibu

Uliza haya, moja baada ya jingine:

1. Darasa la mwaka wa kwanza lina wanafunzi wangapi, na kamera zinazofanya kazi *leo* ni ngapi? Gawanya mwenyewe. Zaidi ya watu sita kwa kamera moja, jihadhari.
2. Mwanafunzi anamaliza akiwa ametengeneza filamu ngapi zake?
3. Nani anafundisha, na mara ya mwisho alifanya kazi ya filamu mwaka gani?
4. Vifaa vinaazimwa jioni na mwisho wa juma, au vinafungiwa?
5. Nafasi ya mafunzo kwa vitendo mnanitafutia ninyi au najitafutia?
6. Filamu nitakayotengeneza ni mali ya nani?
7. Ada inalipwa kwa awamu ngapi, na nikiacha katikati inakuwaje?

Swali la kwanza nalikazania kwa sababu yangu. Chuo nilichoanzia, Dar es Salaam, tulikuwa 42 na kamera moja. Mwalimu alikuwa akiishika yeye mbele ya darasa, sisi tunachora: lenzi hii, kitufe hiki, betri inaingia hapa. Mwaka mzima niliigusa mara tatu. Baba yangu alikuwa ameuza ng'ombe wawili Kasulu, na kila aliponipigia simu kuuliza masomo nilimjibu yanaendelea vizuri. Kushika kamera nilikuja kufundishwa na mpiga picha wa harusi wa Temeke, nikimbebea taa na nyaya Jumamosi hadi Jumamosi. Sikuwahi kuuliza kabla ya kulipa kwamba kamera ziko ngapi. Haikunijia akilini kwamba ni swali.

Hatua ya 7: Piga hesabu ya mwaka mzima

Ada ni nusu ya habari. Andika pia: usajili, bima ya afya, chumba, chakula, bando, nauli ya kwenda na kurudi. Kutoka Kigoma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli ya kati, na treni ya kisasa inaishia Dodoma, kwa hiyo safari bado ni ya basi au treni ya zamani, na chakula cha njiani kinahesabiwa.

Kisha gharama za filamu yenyewe, ambazo hazimo kwenye fomu ya chuo: diski mbili za kuhifadhia kazi (mbili, kwa sababu moja itakufa), kadi za kamera, na chakula na nauli ya wenzako siku mnapopiga. Waigizaji wa kujitolea wanavumilia mengi, ila si njaa.

Mikopo ya HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, kwa shahada inaombwa na wote wenye sifa. Kwa stashahada hutolewa kwa fani za kipaumbele zinazotangazwa kila mwaka, kwa hiyo usiweke mkopo kwenye hesabu mpaka umesoma tangazo la mwaka wako.

Hatua ya 8: Nenda ukaone, au mtume mtu

Aende siku ya kazi, bila miadi ya siku nyingi. Aombe kuona chumba cha vifaa na daftari la kuazimia. Daftari ndilo linalosema kweli: likiwa na majina na tarehe za wiki hii, vifaa vinatoka. Likiwa jeupe, au halipo, vifaa ni vya kuonyesha wageni. Azungumze na wanafunzi nje ya geti, siyo ofisini.

Ukienda Bagamoyo mwenyewe, tenga saa moja utembee mji wa kale. Njia ya misafara ilianzia Ujiji, ikapita Tabora, ikaishia pale pale, na watu wetu walipita wakiwa wamefungwa minyororo na pembe za ndovu mabegani. Mtoto wa Kigoma anayekwenda mji ule kujifunza kusimulia hadithi ana hadithi ya kuanzia.

Hatua ya 9: Omba na kulipa

Omba vyuo viwili au vitatu, usiweke vyote kwenye kimoja. Chuo cha umma hulipwa kwa kontrol namba. Anayekuambia utume ada kwenye simu yake binafsi "ili nafasi isipotee" anakuibia. Chuo binafsi, lipa kwenye akaunti ya benki yenye jina la chuo. Tunza risiti zote, na lipa awamu ya kwanza tu hata kama unazo za mwaka mzima.

Ukikwama

*Wazazi hawataki.* Usibishane nao kuhusu filamu kwa ujumla. Wawekee ile ya dakika tatu, hasa kama ndani yake kuna mtu wanayemfahamu. Kisha waonyeshe hesabu ya hatua ya 7. Wazazi wengi ninaokutana nao hawaogopi sanaa, wanaogopa kutapeliwa.

*Alama hazitoshi.* Fikiria chuo cha ufundi cha VETA hapa hapa Kigoma. Fundi umeme aliyefuzu anaweza kuingia kwenye seti, yaani mahali filamu inapopigwa, kama mtu wa taa, na ataheshimiwa, kwa sababu wengi wanaobeba taa hawaujui umeme. Au rudia mtihani huku ukipiga filamu.

*Fedha haipo mwaka huu.* Mtafute mpiga picha wa harusi anayefanya kazi safi, umbebee vifaa kwa makubaliano ya wazi: siku ngapi, nauli nani analipa, lini utaruhusiwa kushika kamera. Makubaliano yasiyosemwa ndiyo yanayomgeuza mwanafunzi kuwa kuli wa bure.

*Naona umri umepita.* Sembène Ousmane wa Senegal alikuwa kuli bandarini Marseille, akaandika riwaya, kisha akaenda Moscow kusomea filamu akikaribia miaka 40. Uliyeacha shule ukavua miaka kumi una mambo ya kusimulia ambayo kijana wa miaka 18 hana.

*Nimeshaingia na chuo ni kibovu.* Muhula wa kwanza, kusanyeni watu watano, pigeni filamu moja kwa mwezi kwa simu zenu, mbadilishane kazi. Andikeni barua ya pamoja kuomba vifaa kwa tarehe na saa; barua hupewa majibu ambayo malalamiko ya korido hayapewi. Miezi mitatu ikipita bila mabadiliko, fuatilia uhamisho. Kwa vyuo vya kati uhamisho una utaratibu wake NACTVET, na unaanzia kwa msajili wa chuo ulichopo. Uombe kabla muhula haujaisha, na usiondoke bila matokeo yako yaliyogongwa muhuri.